Sikio Kubwa, Sikio Dogo: Kuisoma Aburĩria Ukiwa Ngara

Markus Machokali alikwenda London kupanuliwa macho, ili awaone maadui wa Mtawala hata wakijificha mbali kiasi gani. Akapewa uwaziri. Silver Sikiokuu alipoona hivyo akauza kiwanja cha baba yake, akakopa pesa zilizopungua, akaenda Paris kupanuliwa masikio. Alirudi na masikio yanayomshinda sungura, akapewa kazi ya kuwapeleleza raia, na polisi wa siri wanaoitwa M5 wakawa chini yake. Hiyo ndiyo Aburĩria, nchi ya kubuni ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika Mũrogi wa Kagogo, riwaya aliyoiandika kwa Kigikuyu na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006 kwa jina la Wizard of the Crow.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunapata raha ya ziada hapa. Msomaji wa New York anahitaji kuelezwa maana ya Machokali na Sikiokuu. Sisi tunacheka kabla sentensi haijaisha. Tangu Ngũgĩ alipofariki Mei 2025, watu wengi wamerudi kwenye kitabu hiki, na karibu kila mtu anaanza na masikio hayo. Sishangai. Ni kichekesho kikali. Ila nadhani tumekicheka mno, hadi tumesahau kuuliza swali moja dogo: katika riwaya yote ile, masikio ya Sikiokuu yanamkamata nani hasa?

Nilimsimulia kisa hiki rafiki yangu, mwalimu wa Biharamulo. Alicheka mpaka machozi, halafu akasema, "Sasa bwana, mwenye masikio ya sungura si unamwona akija?"

Hapo ndipo penyewe. Kachero anayeonekana ni nusu kachero. Ngũgĩ aliyafanya masikio makubwa ili tuyacheke, na kicheko ni silaha, sikatai. Lakini anayeishi huku mpakani anajua kwamba sikio la kuogopwa ni dogo. Lina ukubwa wa kawaida kabisa, na linakaa nyumba ya pili.

Niseme kidogo kuhusu huku, kwa msomaji asiyepajua. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Lugha zetu, Kihangaza na Kishubi, zinafanana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba mtu wa ng'ambo akikusalimia humhitaji mkalimani. Biharamulo iko upande wa mashariki, na watu wa kila kabila wamehamia huko kutafuta ardhi na malisho. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani siku moja, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Kambi ile ilipangwa kwa kufuata wilaya ndogo walizotoka watu, na mara nyingi chini ya viongozi walewale waliowatawala kwao. Yaani mtu alikuwa amevuka mto, lakini sikio lililokuwa likimsikiliza kijijini limevuka naye.

Halafu ikaja 2013. Julai mwaka ule Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Swali likawa: nani wa hapa, nani wa kuja? Katika vijiji ambavyo watu wengi hawakuwa na karatasi yoyote, jibu lilitoka wapi kama si kwa majirani? Nani alimzika babu yako? Umefika lini? Mbona unaitamka hivyo? Lafudhi yako ikawa faili lako. Sijasema Tanzania ni Aburĩria. Nasema tu kwamba anayesoma riwaya ya polisi wa siri huku hasomi habari za mbali.

Sasa turudi kitabuni. Anayemtia Nyawĩra hatarini zaidi ni nani? Si Sikiokuu. Ni John Kaniũrũ, aliyekuwa mume wake. Masikio yake hayakupitia hospitali yoyote. Anachojua amekijua kwa kuishi naye: sura yake, mwendo wake, anachokiamini. Anajisogeza kwa wakubwa akiwa na mali moja tu ya kuuza, nayo ni kumfahamu mtu. Sehemu zake hazichekeshi sana, na pengine ndiyo maana wahakiki huzipita haraka. Kwangu mimi ndizo zenye kutisha kuliko zote. Sikiokuu anaendesha idara, lakini bila akina Kaniũrũ idara ni jengo lenye simu tu.

Ngũgĩ mwenyewe alilijua sikio kubwa lilivyo kiziwi. Alitoa Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986. Amesimulia kwamba taarifa ziliifikia serikali ya Moi kuwa kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki, ikatolewa amri akamatwe. Makachero wakaja kugundua kwamba mtuhumiwa ni mhusika wa riwaya. Mwaka 1987 wakakikamata kitabu badala yake. Sikio kubwa lilisikia jina, hadithi haikuingia. Ni kisa cha kuchekesha, na nina hisia kwamba Sikiokuu alizaliwa humo. Lakini tuwe waangalifu: mwandishi aliyewahi kusakiwa mhusika wake ana kila sababu ya kuwaona makachero kama wajinga. Wananchi wa kawaida hawakuwa na bahati ya kutafutwa na wajinga. Walitafutwa na watu waliowajua.

Ndiyo maana huwa naiweka Haini ya Adam Shafi pembeni ya Mũrogi wa Kagogo. Shafi alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini Zanzibar baada ya Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Riwaya yake ya 2003 haina masikio ya sungura. Ina mlango unaogongwa, ina chumba, ina mtu anayetakiwa kutaja majina. Katika kesi ya uhaini iliyoanza 1973, ushahidi ulitegemea sana maungamo ya washtakiwa wenyewe, na Shafi anatuonyesha maungamo hutengenezwaje: kwa kipigo, kwa njaa, kwa kuambiwa kwamba mwenzako ameshasema. Usalama wa Zanzibar ulifundishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, watu waliosifika duniani kwa mafaili. Hata hivyo ndani ya Haini faili halijazwi na wataalamu. Linajazwa na midomo ya watu wanaofahamiana. Kwa hili tu, naona Shafi amelifikia jambo ambalo Ngũgĩ, kwa kurasa zaidi ya mia saba, analigusa na kukimbilia kichekesho kinachofuata.

Lakini sitaki kumwonea Ngũgĩ, maana yeye ana kitu ambacho Shafi hana. Ana Arigaigai Gathere, konstebo A.G. Huyu anawafukuza ombaomba wawili usiku, anafika kwenye nyumba iliyotundikwa hirizi za uongo, anatetemeka, na tangu siku hiyo anaamini uchawi wa Kamĩtĩ kwa moyo wote. Baadaye anakuwa msimulizi. Anakaa na watu, anaapa kwa Mungu kwamba aliyaona kwa macho yake, na kila akisimulia hadithi inaongezeka urefu. Mtu aliyelipwa kusikiliza sasa anasema. Aliyokuwa akipeleka juu kwa siri anayamwaga barazani, na habari ikishakuwa ya wote haina tena kazi ofisini.

Lawama yangu ni moja: Ngũgĩ anamsafisha A.G. kwa bei rahisi. Tunampenda kwa sababu anachekesha, tunasahau ametumika wapi. Hatuambiwi kuna mtu aliyeumia kwa mkono wake. Riwaya ambayo ingemfanya mtu wa Ngara asilale ni ile ambayo A.G. anasimulia barazani na mmoja wa wasikilizaji ni mjane wa mtu aliyemtaja.

Na kuna jambo ambalo riwaya zote mbili hazijaligusa. Tangu TANU ilipoanzisha mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960, balozi amekuwa mtu wa kumpelekea habari za mgeni aliyelala kwako. Lakini pia ndiye anayeamkia ugomvi wako na mkeo, ndiye unayemwendea mbuzi wako akiibiwa. Ukipiga yowe usiku, anayetoka na tochi ni jirani yuleyule anayejua ukoo wako ulitoka wapi na lini. Hatuwezi kuliziba sikio hilo, kwa sababu siku ya moto tutalihitaji. Katika Aburĩria sikio la serikali ni la serikali, unaweza kulichukia bila shida. Huku sikio ni moja, linasikia yowe na linasikia lafudhi, na mwenye nalo ndiye anayeamua kesho yake atasema nini na kwa nani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekianza kitabu hiki, au anayekirudia: cheka kwa Sikiokuu, kisha msogeze pembeni. Mfuate Kaniũrũ, halafu mfuate A.G. Kati ya hao wawili ndipo swali lote la riwaya lilipo: mtu anayekufahamu atafanya nini na anachokifahamu? Mmoja anakiuza, mwingine anakigeuza hadithi. Mtawala anaweza kuwalipia wote duniani upasuaji wa masikio. Bado atahitaji jirani yako afungue mdomo.