Jibu la Wengi: Uchambuzi wa Kanuni za Family Feud

Family Feud ni mchezo wa televisheni wa Marekani ulioanza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 12 Julai 1976, ukiwa umebuniwa na mtayarishaji Mark Goodson na kuongozwa na Richard Dawson, na ambao, licha ya kusitishwa na kufufuliwa mara kadhaa, bado unachezwa kwa kanuni zilezile za msingi. Kudumu huko hakuwezi kuelezwa kwa haiba ya waongozaji pekee, kwa kuwa wengi wamepokezana nafasi hiyo. Chanzo chake kikuu ni uamuzi mmoja wa kiufundi, yaani kulihesabu kuwa sahihi jibu lililotolewa na watu wengi, hata kama haliwezi kuthibitishwa na kitabu chochote.

Wazo hilo lilichipuka katika mchezo mwingine wa Goodson, Match Game, ambamo Dawson alikuwa mmoja wa wanajopo. Katika sehemu yake ya mwisho, mshiriki alipewa kifungu chenye nafasi wazi na kutakiwa kukisia jinsi hadhira iliyokwisha kuulizwa ilivyokijaza, huku jibu lililoongoza likiwa na thamani ya dola 500, la pili dola 250 na la tatu dola 100. Goodson aliichukua sehemu hiyo ndogo, akaifanya kuwa mchezo mzima, na akaziweka familia mbili, kila moja ikiwa na watu watano, mahali pa mshiriki mmoja.

Kazi ya kwanza ya mchezo hufanyika kabla kamera hazijawashwa, pale watu 100 wanapoulizwa swali moja na majibu yao kupangwa katika makundi. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba wameulizwa kitu ambacho mtu husahau nyumbani anapotoka asubuhi, huenda 38 wakataja funguo, 30 simu, 14 pochi, 9 miwani na 4 mwavuli, na waliosalia 5 wakataja kila mmoja kitu chake. Majibu hayo ya mwisho huachwa, kwa sababu jibu huingia ubaoni likiwa limetajwa na watu wasiopungua wawili. Kwa hiyo jumla ya ubao huu ni 95. Idadi ya waliotaja jibu ndiyo huwa alama zake, hivyo dodoso, yaani maswali yaliyoulizwa watu hao, ndilo linalozalisha majibu na pia kuyapangia thamani.

Raundi huanza kwa mtu mmoja kutoka kila familia kusimama mbele ya kitufe na kushindana kukibonyeza. Mwenye jibu la juu zaidi ubaoni huipatia familia yake haki ya kuchagua kucheza au kuwaachia wapinzani, na familia inayocheza hujibu mmoja baada ya mwingine, bila kushauriana, ikijaribu kuyafichua majibu yote yaliyobaki. Jibu lisilokuwapo huleta kosa, na makosa matatu huwapa wapinzani nafasi ya kujibu mara moja tu baada ya kushauriana. Wakipata jibu lililobaki, huchukua alama zilizokusanywa, na wakikosa, alama hubaki kwa waliocheza. Kanuni hii ya unyakuzi ina uzito mkubwa, kwa kuwa familia inayocheza hubeba hatari ya kujaza hazina ambayo wengine wanaweza kuitwaa, ilhali familia inayosubiri imekwisha kusikia makosa na kujua yapi ya kuepuka. Hivyo, ubao wenye majibu mengi na ya nadra unaweza kuwa sababu nzuri ya kuwaachia wapinzani.

Familia inayoshinda kwa kutangulia kufikisha alama 300 hutoa watu wawili kwa sehemu iitwayo Fast Money, ambamo kila mmoja hujibu maswali yaleyale matano, wa pili akiwa ametengwa asisikie majibu ya wa kwanza na akikatazwa kurudia jibu lililokwisha kutolewa. Lengo ni alama 200 kwa majibu kumi, yaani wastani wa alama 20 kwa jibu. Kwa kuwa majibu bora mara nyingi yamekwisha kuchukuliwa, mchezaji wa pili huongezewa sekunde tano, na ongezeko hilo ni fidia ya haki kwa ugumu wa nafasi yake.

Thamani ya mpangilio wa kushindania alama 300 ilionekana wazi ulipobadilishwa. Kati ya mwaka 1999 na 2003, familia iliyokuwa na alama nyingi baada ya raundi nne ndiyo iliyoshinda, na raundi ya nne ilikuwa na alama zilizozidishwa mara tatu, huku kosa moja tu likitosha kuwapa wapinzani nafasi ya kunyakua. Matokeo yake ni kwamba raundi za mwanzo zilipungua uzito, kwani uongozi uliojengwa kwa subira uliweza kupotea kwa jibu moja. Hatimaye lengo la alama 300 lilirejeshwa.

Mchezo huu umesambaa hadi Uingereza, ulikoanza mwaka 1980 kwa jina la Family Fortunes, na baadaye Afrika Kusini na Ghana mwaka 2020, kwa mchango wa Steve Harvey, anayeongoza toleo la Marekani tangu mwaka 2010. Jukwaa, vitufe na ubao vinaweza kuigwa kokote, lakini dodoso haliigiki, kwa kuwa vitu ambavyo watu 100 wa Accra husahau nyumbani si lazima viwe vile vya watu 100 wa Atlanta. Mtayarishaji anayetaka kuuhamishia mchezo huu nchini mwake hana budi kuanza kwa kuwauliza watu wake mwenyewe, kwa kuwa watazamaji watakaouhukumu ubao huo ni watu wa jamii ileile iliyoujaza.