Pipa la Chachu Halilali na Kuku

Nailoni nyeusi iliyopigiliwa misumari juu ya wavu wa kaskazini, katika banda la kuku la mfugaji mwenzetu tulilokwenda kulitazama juma la kwanza la Juni hapa Njombe, ndiyo iliyonishikisha kalamu, na kwa kuwa si desturi yangu kumzungusha msomaji hata akachoka ndipo nimpe hukumu, nasema mapema kwamba lile lilikuwa kosa, tena kosa la mtu mwenye akili, ambalo aghalabu huwa zito kuliko la mjinga kwa sababu huja limevikwa hoja.

Mengine mwenzetu aliyatengeneza vizuri. Fito za kulalia ni pana, kuku hukalia vidole vyake vikafunikwa na manyoya. Maranda ya msonobari yana kina cha sentimita 15. Chanjo ya kideri ilitolewa kwa wakati. Mahindi makavu hutupwa jioni ili tumbo lipate kazi ya usiku. Nimeyaona, nayakubali.

Nirudi basi kwenye saa ile ya kupigiliwa nailoni. Ilikuwa jioni, jua limekwisha kujificha nyuma ya misonobari na pumzi za watu zimeanza kuonekana, mwenzetu alipoyaleta mapipa yake mawili ya chachu, yaani chakula cha kuku kilicholowekwa kichachuke, kila moja la lita 60, akayapanga ukutani chini ya fito, akalegeza vifuniko ili hewa ya chachu itoke, kisha akapanda ngazi, akaishusha nailoni, akaipigilia pembe zote nne, na ule mwanya wa shubiri moja uliokuwa chini ya mapaa akaushindilia magunia, halafu akatugeukia akasema: “Sasa watapashana joto.” Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na waliokuwa karibu nami waliniona.

Hoja yake naijua, na insafu yanilazimu niieleze kwa ukamilifu kabla ya kuipinga. Chachu hulala baridini. Pumba na mahindi yaliyoparazwa, ambayo huko kwetu Tanga yakilowekwa Jumatatu Alhamisi yamekwisha kuiva, huku milimani mwezi wa Juni hutaka siku tano hata sita, na usiku joto likishuka chini ya nyuzi 10 vijidudu vya asidi ya maziwa, ambavyo ndivyo wafanyakazi wetu katika jambo hili, karibu husimamisha kazi. Kuku, kwa upande wake, ana joto la nyuzi 41 mwilini. Kuku 60 ni matanuri 60 yaendayo kwa miguu. Kwa nini basi matanuri hayo yasiipashe chachu, na nailoni isiwe mlinzi wa joto lisikimbie? Hesabu hiyo ukiiandika karatasini haina ila, isipokuwa moja tu: imehesabu joto ikasahau maji.

Kuku mmoja atagaye hunywa robo lita ya maji kwa siku, au pungufu kidogo, na baridini hupungua zaidi; tuseme hao 60 wanakunywa lita 12. Toa kiasi kidogo kiendacho ndani ya yai, maji yaliyobaki yote hurudi bandani, mengine kwa kinyesi, mengine kwa pumzi. Ongeza sasa chakula cha chachu, ambacho huingia mdomoni kimekwisha kulowa, na mapipa mawili yenye vifuniko vilivyolegezwa yakifuka mvuke usiku kucha. Mvuke huo ulikuwa na njia mbili za kutokea, wavu na mwanya wa mapaa, na zote mbili zimezibwa jioni moja kwa nyundo moja. Utakwenda wapi? Utapanda hadi kwenye mabati, mabati ni baridi, utageuka matone, na matone yatarudi chini.

Nilikwenda tena baada ya siku 9, alfajiri, kabla nailoni haijaguswa, kwa idhini ya mwenyewe. Mabati yalikuwa yametoka jasho. Nilisimama nikilitazama tone moja likinenepa kwenye kichwa cha msumari, likining'inia, likaachia, likamwangukia mtetea mwekundu kati ya mabega. Akajikunyata, akajikung'uta, na kabla hajatulia likaja la pili. Nikatia mkono katika maranda: juu yalikuwa makavu, lakini chini ya urefu wa kidole yalishikana kama unga uliokandwa. Harufu haikunisumbua nikiwa nimesimama, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapodanganyika, kwani pua ya mtu iko mita moja na nusu juu ya mambo. Nikachuchumaa hata uso wangu ukawa kimo cha kuku. Macho yakaniwasha papo hapo. Hiyo ni amonia, izaliwayo na kinyesi kilichokutana na unyevu, ambayo wataalamu hawataki ivuke sehemu 25 katika kila sehemu milioni za hewa, kwa kuwa hulemaza vinyweleo vya koo la hewa vinavyofagia vumbi na maradhi, na vinyweleo vile vikishalala mafua hayahitaji kubisha hodi. Kuku wawili walikuwa na povu pembeni mwa jicho. Mmoja alipiga chafya mara tatu mfululizo, na mwenye banda akasema ni baridi.

Si baridi. Manyoya ya kuku yaliyo makavu hushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Manyoya yaliyolowa hayashiki kitu. Kuku mkavu huupita usiku wa Njombe bila taabu, hata kule Makete ambako watu huamka na jalidi juu ya nyasi, maadamu ameshiba na upepo haumpigi moja kwa moja, lakini kuku aliyelowa huugua kwenye joto ambalo mwanadamu angevua koti. Kwa hiyo mwenzetu aliwapa kuku wake nyuzi mbili tatu za joto wasizozihitaji na akawanyang'anya ukavu ambao pasipo huo hawana kinga yoyote. Hiyo si biashara ya kuikubali.

Linaloniuma zaidi, na hili lazima nililalamikie kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na upepo nimelelewa nao, ni kwamba aliziba upande usiostahili. Upepo wa miezi hii ni kusi, uleule unaosukuma majahazi kwetu, ila huku milimani hufika umevaa ukungu. Unatoka kusini na mashariki. Fundi aliyelijenga banda alijua, maana kuta za pande hizo amezijenga kwa mbao zilizobanana hata wembe haupiti, akauacha wazi upande wa kaskazini, ambako kusi halifiki na ambako, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, jua la Juni na Julai ndiko lipitako, likaingia ndani kukausha maranda. Banda zima lilikuwa limekwisha kuutatua mushkili huu kabla mtu hajashika nyundo. Mwenzetu alikifumba kidirisha pekee kilichokuwa kikimsaidia, ilhali kuta zilizokuwa zikimkinga hazikuwa na haja ya msaada.

Na chachu yenyewe ilipata nini? Nilifunua pipa. Chachu njema hunuka kama togwa la juzi, uchachu safi unaojaza mate mdomoni, na anayejua kutengeneza togwa hahitaji mwalimu wa kuchachusha chakula cha kuku, kwa kuwa ni ndugu wa baba mmoja: nafaka, maji, joto la wastani, na subira. Pipa lile lilinuka pombe. Joto la bandani hupanda mchana na kushuka usiku, na pipa lenye joto lisilotulia, lililokwanguliwa kila asubuhi na kuachwa na kifuniko kilicholegea, huwapa hamira nafasi ya kuwatangulia vijidudu vya asidi. Juu palielea utando mweupe, ambao peke yake si dhara, hukorogwa ukazama. Lakini ndani ya utando ule palikuwa na unyoya, na juu ya kifuniko kilicholegezwa palikuwa na kinyesi cha usiku uliopita, kwa sababu mapipa yaliwekwa chini ya fito. Yaani kuku walikuwa wakikitilia chakula chao chumvi ya namna hiyo usiku, kisha asubuhi wakapewa wale.

Mahali pa pipa ni jikoni. Hilo ndilo jibu lote, na laiti mtu angeuliza lisingetaka hata ngazi. Karibu na mafiga, mbali na moto kiasi cha mkono mmoja, limefunikwa kitambaa, maji yakikizidi chakula vidole viwili ili hewa isifikie nafaka na kuvu lisipate kiti. Likiiva, unachota chakula cha siku hiyo na kubakisha theluthi moja pamoja na maji yake kuwa mama wa pipa lijalo, na mama huyo, akiwa hai na mkali, hupunguza siku sita za Juni zikawa tatu. Asubuhi unakipasha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto yatakayoua ulichokilea, unawapa kiasi cha kumalizika kwa nusu saa, vyombo vinatolewa nje vikaoshwe. Na chokaa isilowekwe. Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi na sitachoka: chokaa huinywa asidi, nawe utabaki ukijiuliza kwa nini pipa haliwi chachu; chokaa na dagaa hutiwa wakati wa kulisha. Mahindi yenye kuvu nayo, asije mtu akadhani chachu itayatakasa, kwani sumukuvu haiogopi uchachu.

Jirani yangu wa kwanza hapa Njombe alikuwa bibi wa Kibena, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, na sijaona bado mfugaji wa kulinganishwa naye katika hawa wa leo wenye ngazi na nailoni. Jiko lake lilikuwa la matete, limeezekwa nyasi. Kuku wake 12 walilala juu ya kichanja upande wa mlangoni, chungu cha machicha kikachachuka upande wa pili, na katikati yao pakakaa moto wa kuni za miwati, hivyo kwamba moshi, mvuke na harufu vyote vilipanda pamoja na kutokea juu kwenye nyasi. Hakuwa na kipimajoto. Mimi niliyetoka Tanga na suti moja na woga mwingi wa baridi nilikuwa nimeyajaza magunia matundu yote ya kibanda changu, naye alikuja siku moja kuniletea ulanzi, akakizunguka kibanda kile kimyakimya, akaniuliza: “Mwanangu, umewafunga kuku au umewazika?” Mwezi ule nilipoteza watano. Kwa hiyo sisemi kama mtu asiyepata kukosea. Nasema kama aliyelipa ada.

Wala si bibi yule peke yake. Marekani, ambako theluji huanguka hata mlango usifunguke, Dk. Prince T. Woods alitoa mwaka 1924 kitabu kizima cha kutetea mabanda ya kuku yenye uso wazi uliozuiwa kwa wavu tu, ukielekezwa kule jua lipitako, ambako kwao ni kusini, na kuta nyingine tatu zikizibwa barabara. Ni banda lilelile la fundi wetu, limegeuzwa uso tu. Nilipolisema hilo zamani katika semina moja, bwana mmoja mwenye vyeti vingi alinicheka mbele ya watu akaniuliza kama nami hulala na mlango wazi. Sikuwa na jibu siku ile, na nimelitembeza moyoni tangu hapo. Jibu ni kwamba mimi sina manyoya.

Niguse mawili ya pembeni nisije nikasahau. Wale wachuuzi wanaopandisha kishingo na kidimu huku milimani kila mwaka na kuapa kwamba kuku ni kuku, waache. Kishingo ameumbiwa joto, shingo yake tupu ni neema ya Tanga na adhabu ya Njombe, na kidimu, ambaye manyoya yake yamepinda nje, hana blanketi la kushika hewa. Na lile jiko la mkaa lililokuwa kibarazani, ambalo nilisikia mtu akishauri liingizwe bandani baridi ikizidi, lisiingizwe abadani katika banda lililozibwa, maana moshi usioonekana wa mkaa hauchagui kati ya kuku na mtu aliyekwenda kuwatazama.

Ndugu yangu mwenye banda, najua utasoma haya, na najua umekasirika tangu mstari wa kwanza. Julai bado haijaingia nusu. Panda ngazi ileile leo kabla ya magharibi, ng'oa misumari ya nailoni ya kaskazini, toa magunia chini ya mapaa, zoa maranda yaliyoshikana utie makavu, na mapipa yako uyamwage, uyaoshe, uyapeleke jikoni. Mama wa chachu nitakupa mimi. Ninalo pipa linaloiva.