Bao: Zile Kete 22 za Mkononi

Wengi wetu hapa Kipili tulijifunza bao kwa kuchimba mashimo mchangani, kando ya Ziwa Tanganyika: mashimo 32, kete 2 kila shimo. Ndilo bao la kujifunza. Wazee wakipita hucheka, "Mchezo wa watoto huo!" Ngojeni kwanza, wazee wetu, tulinganishe.

Katika kujifunza, kete zote 64 ziko uwanjani tangu mwanzo. Omweso wa Uganda una kete hizo hizo, ila kila mchezaji huzipanga 32 zake apendavyo. Bao la Kiswahili limekwenda mbali zaidi: unaanza na kete 10 ubaoni, 22 umezishika. Unanamua moja moja mpaka ziishe, ndipo mnaingia mtaji. Shimo halikuongezeka hata moja. Kilichobadilika ni lini kete inaingia.

Halafu kuna nyumba. Kwenye kujifunza mkono unakwenda hesabu inakoupeleka, basi. Kwenye Kiswahili, wakati wa kunamua, umekula na kete ya mwisho imeangukia nyumbani mwako: unalala, au unaicheza nyumba? Hapo hesabu imegeuka uamuzi, na mwenye pupa hufilisika.

Huo ndio ufundi wake, na ndiyo kasoro yake pia. Kijana asiyefundishwa nyumba hubaki pembeni akitazama migongo ya watu, mwisho anaondoka. Kwa hiyo wazee, msitucheke. Mashimo tunayajua, tufundisheni na zile 22, kabla hamjaondoka nazo mkononi.