Mtini, 1948, na hesabu isiyokwisha

Wandugu, kuna fundisho moja juu ya siku za mwisho ambalo limeshika vijana wengi, hata sisi wenye lisansi. Linasema hivi: katika Mathayo 24 Yesu alituagiza tujifunze kwa mtini, mtini ni Israeli, Israeli ilichipuka Mei 1948, na kizazi kilichoona hayo hakitapita mpaka yote yatimie. Basi unachukua 1948, unaongeza miaka ya kizazi, unapata mwaka. Inaonekana ni hesabu safi. Tuichunguze kama memuari ya mwenzetu siku ya kutetea: bila matusi, lakini bila kumwonea haya.

Tuanze kwa kuwapa haki yao. Hosea 9 inafananisha mababu wa Israeli na tini za kwanza, na Yeremia 24 ina vikapu viwili vya tini. Kwa hiyo wanaosema mtini ni Israeli hawakuitoa hewani. Lakini Isaya 5 inatumia mzabibu kwa taifa lilelile, na Paulo katika Warumi 11 anatumia mzeituni. Tena Luka 21:29, mahali ambapo mfano uleule umeandikwa, haisimami kwenye mtini peke yake: inataja na miti mingine yote. Kwangu hapo ndipo fundisho linavunjika. Miti mingine yote ni nani sasa? Kuna wanaojibu kwamba ni mataifa yaliyopata uhuru baadaye, na Kongo ya 1960 ndani yake. Haya bwana! Tukiendelea hivyo, kila jani litapata balozi wake.

Mutu wa kilimo anasoma mfano huu kirahisi zaidi. Kule Palestina mizeituni inabaki na majani mwaka mzima, lakini mtini unakauka matawi wakati wa baridi, halafu unachipuka, na kila mutu anajua joto liko karibu. Sisi hapa Kamina tuko na miombo. Mwisho wa kiangazi, wakati udongo ungali mkavu kabisa, miombo inatoa majani mapya mekundu kabla mvua haijanyesha. Mama mwenye shamba akiona vile hapigi hesabu ya tarehe. Anatengeneza jembe, anatafuta mbegu. Jani linamwambia mvua iko karibu. Halimwambii itanyesha Jumanne. Na Mathayo 24:36, mistari michache tu baada ya mtini, inasema wazi kwamba siku ile na saa ile hakuna anayeijua isipokuwa Baba.

Na hicho kizazi? Sura inaanza na wanafunzi wakionyesha majengo ya hekalu, na Yesu akisema litabomolewa. Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliliharibu, miaka kama 40 baada ya maneno yale. Wengi waliosikia walikuwa wangali hai. Ninajua usomaji huu haumalizi kila kitu: jua kutiwa giza na Mwana wa Adamu kuja mawinguni bado vinaleta mabishano, hata kama Isaya 13 ilitumia lugha ya namna hiyo juu ya kuanguka kwa Babeli. Lakini angalau unaanza na wale walioambiwa, siyo na sisi.

Hesabu ya 1948, yenyewe inahamahama. Hal Lindsey, katika kitabu chake cha 1970, alichukua kizazi kuwa miaka kama 40, na watu wakaelewa 1988. Edgar Whisenant alitoa kijitabu chenye sababu 88 za mwaka huo huo wa 1988. Ulipopita, akahamia 1989. Sasa wengine wanachukua miaka 80 ya Zaburi 90, wanafika 2028. Kipimo kinachorefushwa kila mara ili kifike mahali tunapopenda, kwenye laboratware tungekitupa.

Tena Katanga yetu ilishapita njia hii. Mafundisho ya Watchtower, yaliyongoja mwisho katika 1914, yaliingia huku kutoka kusini na kuzaa Kitawala. Ndani yake mlikuwa na kiu ya kweli, watu waliochoka na kodi na utawala wa Wabelgiji, na sitaki tuwacheke. Lakini mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alivuka mpaka kutoka Rhodesia akibatiza, na waliohesabiwa kuwa wachawi waliuawa majini. Waingereza walimnyonga 1926. Na juzi tu, 2023, huko Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu.

Kwetu madhara ni madogo zaidi na hayatangazwi. Ni mwanafunzi anayeuliza kwa nini amalize TFC yake. Ni mama mmoja niliyemwonyesha vipande vya mihogo visivyo na ugonjwa, akaniambia: "Nikipanda hii, nani atakulaka?" Mihogo inaomba mwaka mzima, mara nyingine mwaka na nusu. Mahindi alikubali, juu yanavunwa upesi. Paulo alikutana na jambo hili Thesalonike: katika barua ya pili watu wanatishwa kwamba siku ya Bwana imeshafika, na sura ya tatu inawakemea walioacha kazi. Barua haiwapi mwaka mwingine wa kungojea. Inawarudisha kwenye kazi ya mikono.

Kuna sura moja ambayo sijaisikia hata mara moja kwenye semina za siku za mwisho: Yeremia 32. Nabii ambaye miaka yote alitangaza kwamba Yerusalemu utaanguka, amefungwa, jeshi la Babeli limezunguka mji, na yeye ananunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anaita mashahidi, anapima fedha kwenye mizani, anaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi.