Kasia si Kafi

Wahakiki wengi wakikuta kasia katika shairi huandika "jitihada" pembeni, wakafunga daftari. Hivi kweli imetosha? Neno ni la watu wa bahari, basi twende kwao: Chokocho, kusini mwa Pemba, wavukiapo watu kwenda Kisiwa Panza. Kafi ni fupi, la mtumbwi. Mpigaji hulishika kwa mikono miwili, akatazama mbele. Kasia ni refu, hutiwa kwenye kishwara ubavuni mwa chombo. Wapo wasemao "kupiga makasia", lakini "kuvuta" ndiko kunakoonyesha kazi yenyewe: mvutaji huketi akaipa omo mgongo. Atokako anakuona, aendako hakuoni. Humwamini mshika usukani.

Basi malenga, au mwanasiasa jukwaani, akituambia "tuvute makasia pamoja", hatuombi jasho tu, jamani. Atuomba na imani. Mhakiki atakayesifu umoja peke yake, swali kubwa litampita: nani yuko tezi, naye anatupeleka wapi? Angalisema "tupige makafi", sote tungaliitazama njia. Tusomapo mashairi ya bahari, tuulize kwanza mvutaji kaelekea wapi.