Kinachorusha Damu ni Zamu: Uchambuzi wa Ratiba ya Droni za Rwanda

Watu wakisikia kwamba Rwanda inapeleka damu hospitalini kwa droni, swali la kwanza huwa ni kasi, na la pili ni umbali. Majibu hayajafichwa. Ndege za kampuni ya Zipline husafiri kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa, huhudumia hospitali zilizo ndani ya kilomita 80 kutoka kituoni na kurudi bila kutua njiani, na hubeba mzigo usiofika kilo 2. Lakini ukiyashika majibu hayo peke yake, hutaelewa kwa nini kazi iliyozinduliwa kwenye kituo cha Muhanga mwezi Oktoba 2016 ilikua ikawa huduma ya kila siku, ilhali miradi mingine ya droni barani iliishia kwenye majaribio.

Jibu liko kwenye ratiba. Nani yuko zamu, ndege ipi iko tayari, ipi iko angani, ipi iko kwa fundi, na oda ipi itangulie. Ni kazi isiyopigwa picha, na ndiyo ninayotaka kuichambua hapa.

Shirika la ndege za abiria linajua miezi kadhaa kabla kwamba saa fulani ya siku fulani lazima kuwe na ndege na rubani wa kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Damu haina tiketi. Mama aliyejifungua anaanza kuvuja damu saa tisa usiku, jokofu la hospitali halina kundi lake la damu, na daktari anatuma oda kwa simu au WhatsApp. Tangu hapo saa inahesabu. Anayepanga kituo hajui oda hiyo itaingia lini, itatoka hospitali gani, wala kama itaingia peke yake au na nyingine mbili dakika hiyohiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulipitia oda za damu 12,733 zilizopelekwa na droni nchini Rwanda kati ya Machi 2017 na Desemba 2019. Wengi walichukua kutoka humo takwimu moja tu: kwamba wastani wa muda wa kufikisha damu ulikuwa dakika 49.6, yaani dakika 79 pungufu ya makadirio ya safari ya gari. Mimi naona takwimu kubwa zaidi ni nyingine: oda 5,517, sawa na asilimia 43, zilikuwa za dharura. Maana yake zaidi ya nusu hazikuwa za dharura.

Hapo ndipo mpangaji anapopata nafasi ya kupumua. Kituo kinachosubiri dharura tu kitakuwa na wafanyakazi waliokaa bure nusu ya siku, kisha wazidiwe kwa dakika 20. Kituo kinachopangwa kwa kufuata wastani wa siku kitafanya vizuri mpaka siku dharura 3 zitakapoingia pamoja, na hiyo ndiyo siku ambayo mtu anaweza kufa. Oda za kawaida, za kujaza akiba, ndizo zinazoziba pengo hilo. Zinaweza kusogezwa mbele nusu saa bila mgonjwa yeyote kuumia, kwa hiyo watu na ndege wanabaki kazini kwa mzigo unaoweza kupisha. Dharura ikiingia, mzigo wa kawaida unasimama na timu ileile, ikiwa imeshapasha misuli, inageukia oda mpya. Ukiwa na huduma ya dharura pekee, gharama ya kumweka mtu macho usiku kucha haina pa kuegemea.

Sasa tuje kwenye ndege zenyewe, kwa sababu muundo wake ulifuata mahitaji ya ratiba. Ndege haikai imeunganishwa ikisubiri safari. Kiwiliwili, mabawa na betri huhifadhiwa mbalimbali. Oda ikiingia, mfungashaji anatoa damu kwenye jokofu, anaihakiki na kuiweka ndani ya boksi lenye mwavuli wa karatasi. Wakati huohuo wenzake wanapachika kiwiliwili kwenye manati ya kurushia, wanaingiza betri, wanafunga mabawa. Ukaguzi wa mwisho unafanywa kwa simu: ndege inaamriwa itikise vibao vyake vya kuongozea, na kamera ya simu inasoma alama zilizobandikwa juu yake ili kuthibitisha kwamba kila kibao kimetikisika inavyopaswa. Kazi ya macho ya fundi mzoefu imehamishiwa kwenye programu, na hivyo mfanyakazi wa zamu ya usiku anakagua sawasawa na yule wa zamu ya asubuhi.

Bawa likionekana lina hitilafu, hakuna anayekaa kulitengeneza hapo. Linatolewa, linapelekwa kwa fundi, na bawa jingine linafungwa. Kwa mpangaji wa ratiba tofauti hii ni kubwa mno. Katika mfumo wa kawaida, kasoro ya bawa inaiondoa ndege nzima kazini. Hapa inaondoa bawa tu, na kiwiliwili kinaruka. Kwa hiyo anayepanga hahesabu ndege. Anahesabu viwiliwili, mabawa na betri, kila kimoja kwa daftari lake, na anajua kabla ya jua kuchomoza ni safari ngapi anaweza kuzimudu. Hata kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti kiliwekwa kwenye betri badala ya kwenye kiwiliwili, ili kiendelee kuwaka wakati betri iko kwenye chaja na ndege isipoteze dakika kutafuta mahali ilipo. Ndege ikirudi, inayokwenda kupumzika ni betri. Kiwiliwili kinaweza kuondoka tena.

Aprili 2018 kampuni ilitangaza ndege mpya na utaratibu mpya wa kituo. Walisema muda kutoka kupokea oda hadi kurusha utashuka kutoka dakika 10 hadi dakika 1, na uwezo wa kituo kimoja utapanda kutoka safari 50 kwa siku hadi 500. Nataka tuzipigie hesabu takwimu hizo, maana hesabu ndiyo inayoonyesha ugumu ulikuwa wapi.

Safari 500 ndani ya saa 24 ni safari 21 hivi kwa saa, yaani ndege moja inaondoka kila baada ya dakika tatu kasoro. Tuchukulie safari ya kwenda na kurudi inakula dakika 50 kwa wastani. Ndege 17 zitakuwa angani kwa wakati mmoja. Hilo si tatizo kubwa, kwani anga ni pana na ndege 17 zinanunulika. Tatizo liko chini. Kama kila maandalizi yanaishughulisha timu moja kwa dakika 10, timu hiyo haiwezi kurusha zaidi ya ndege 6 kwa saa. Ili ufikishe 21 unahitaji timu 4, zote ziko kazini, saa zote. Zamu zikiwa 3 kwa siku, hizo ni timu 12, na hujaweka siku za mapumziko, likizo wala mtu aliyeamka na malaria. Maandalizi yakishuka hadi dakika moja, timu moja kwa kila zamu inatosha na inabaki na nafasi. Dakika 9 zilizookolewa ardhini zinaondoa timu 9 kwenye ratiba. Hakuna injini ambayo ingeleta unafuu huo. Ukiongeza kasi ya ndege kwa robo, mgonjwa wa mbali atapata damu mapema kidogo, lakini foleni mbele ya manati itabaki palepale.

Bila shaka oda haziji kwa mpangilio wa dakika tatu tatu. Zinakuja kwa vishindo, kwa hiyo mpangaji makini hawezi kupanga timu moja tu hata kama hesabu inaruhusu. Lakini sasa anaongeza mtu wa ziada kwa hiari yake, akijua anamweka kwa ajili ya saa zipi.

Kurudi nako kuna foleni yake. Ndege hizi hazina magurudumu. Zina ndoano ndogo mkiani, na kituo kina kamba iliyotandazwa kati ya nguzo mbili; ndege inapita juu, kamba inainuliwa, ndoano inanasa. Ikikosa, inazunguka na kujaribu tena. Ndege inayosubiri kurushwa inaweza kungoja, lakini inayorudi na betri iliyopungua haiwezi. Hivyo mpangaji lazima ajue si tu ngapi zinaondoka saa hii, bali ngapi zilizoondoka dakika 50 zilizopita zitakuwa zinagonga hodi. Ukirusha 8 mfululizo kwa sababu oda zimejaa, umejiandalia wimbi la ndege 8 zitakazorudi zikifuatana.

Upande wa watu, jambo lililobadilisha kila kitu ni ruhusa ya mtu mmoja kusimamia ndege nyingi. Katika kazi nyingi za droni, kila ndege ina rubani wake, na mara nyingi msaidizi wa kuiangalia kwa macho. Zanzibar ilipopigwa picha kutoka angani kuanzia mwaka 2016, kwa kushirikisha Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), timu zilihama pamoja na ndege zao kutoka eneo moja hadi jingine, na ratiba ilifuata jua, upepo na mawingu. Kwa upimaji wa ardhi hiyo ni sawa kabisa. Kwa damu isingewezekana: ndege 17 angani zingedai marubani 17 kwa kila zamu. Marekani, sheria ya kawaida ya droni ndogo bado inamzuia mtu mmoja kuendesha zaidi ya ndege moja bila kibali maalumu. Rwanda ilichagua njia nyingine. Kanuni zake za mwaka 2018 zinamtaka mwendeshaji athibitishe kiwango cha usalama anachokifikia, badala ya kumwandikia vifaa na hatua moja baada ya nyingine. Njia ya kwenda kila hospitali huchorwa na kukaguliwa mapema, vilima vyake vyote vikiwa vimepimwa, na ndege ikipata hitilafu kubwa inafungua mwavuli wake na kushuka. Msimamizi hashiki usukani. Anatazama ndege zote kwenye kioo, anazungumza na waongozaji wa ndege wa Kigali, na anaamua lini asirushe kwa sababu ya radi.

Linganisha na kisiwa cha Ukerewe, Tanzania. Mwaka 2018, kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Kijerumani la GIZ walijaribu kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza bara hadi kisiwani, kilomita 60 kwa dakika 40. Ndege ile ilipaa na kutua wima, kwa hiyo iliweza kutua kisiwani na kurudi na sampuli za maabara, jambo ambalo ndege ya Muhanga inayodondosha mzigo na kugeuza haiwezi. Ni faida kubwa kwa kisiwa. Lakini kila ncha ya safari inahitaji mtu aliyefunzwa na mahali salama pa kutua, na ndege iliyo upande wa pili haihesabiki kuwa ipo mpaka irudi. Ukiwa na visiwa vitano una ratiba tano za watu. Muhanga, iliyoanza na hospitali 21 za magharibi mwa Rwanda, haikuhitaji kuajiri hata mtu mmoja wa ndege katika hospitali hizo. Mhudumu anapata ujumbe kwamba mzigo unakaribia, anatoka nje, anauokota. Wataalamu wote wako chini ya paa moja, na akiumwa mmoja yupo wa kumshikia zamu.

Matunda ya haya yote yanaonekana mahali ambapo wengi hawaangalii, yaani kwenye damu inayotupwa. Chembe sahani hudumu siku 5 tu baada ya kutolewa, na hospitali ya wilaya isiyoamini kwamba itapata nyingine kwa wakati italazimika kujiwekea akiba ambayo huenda isiguswe mpaka iharibike. Utafiti uleule uliona kwamba baada ya miezi 12 ya huduma ya droni, damu iliyopitwa na muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Droni haifanyi damu idumu zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mtaalamu wa maabara ameiamini ratiba kiasi cha kuacha kundi la damu lisilotumika sana libaki kwenye jokofu la kituo, likisubiri hospitali yoyote itakayolihitaji. Imani hiyo huvunjika kwa usiku mmoja tu ambao hakukuwa na mtu wa zamu.

Kwa hiyo nawaomba maofisa wa afya wa kaunti na mikoa yetu wanaoletewa mikataba ya droni: kabla hamjauliza bei ya ndege, itisheni ratiba ya zamu za wiki nzima, usiku na sikukuu zikiwemo. Ulizeni timu ngapi ziko kazini saa tisa usiku, maandalizi ya safari moja yanachukua dakika ngapi tangu oda iingie, na nini kinafanyika bawa likipasuka Jumapili. Mwenye kampuni akishindwa kujibu hayo kwa karatasi iliyojazwa, msitie saini.