Wali Usioshika Chini

Wali ukishika chini, lawama ya kwanza huangukia chombo: sufuria nyembamba, moto mkali, au ile sufuria ya umeme iliyonunuliwa kwa bei ya chini. Nadai kwamba mara nyingi kosa huwa limekwisha kufanyika kabla ya moto kuwashwa. Mchele ukikobolewa hubaki na vumbi la wanga juu ya punje, na chenga humwaga wanga mwingi zaidi zikiingia majini. Wanga huo ukichemka huwa uji mzito, hutuama chini na kuganda pale penye joto kali kuliko kote. Kinachoishika sufuria kwanza ni uji huo. Punje hunasa baadaye. Basi kuuzuia wali usishike ni ufundi wa kuujua mchele, na ufundi huo una heshima yake Kyela, katika tambarare iliyo kati ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa, inayonyweshwa na mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambako hutoka mchele unaotafutwa nchi nzima kwa harufu yake.

Mpishi anayeujua mchele huo huanza na ungo. Hupepeta, huchagua, huzitenga chenga ziende kwenye uji au vitumbua. Huosha kwa mkono mwepesi, kwa sababu kusugua kwa nguvu huvunja punje na kuzalisha chenga nyingine, na hubadilisha maji mpaka weupe ule mzito upungue. Kisha huuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi: mchele huu ni wa msimu gani? Mchele mpya hunywa maji machache na hunata. Uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa mengi na huchambuka. Anayetumia kipimo kilekile cha vikombe mwaka mzima atapata bokoboko baada ya mavuno na wali mkavu kabla ya mavuno yanayofuata, kisha ataisingizia sufuria. Hata mahali pana neno. Ufukweni Matema, kando ya Ziwa Nyasa, chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, huchemka kwenye 94. Mchele uleule ukipandishwa mlimani huhitaji muda zaidi, na maji ya kutosha muda huo.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yalimalizwa na umeme. Ni kweli kwamba sufuria ya umeme inayojizima yenyewe, iliyoanza kuuzwa na Toshiba ya Japani mwaka 1955, ni chombo cha akili. Maadamu kuna maji, joto la chini haliwezi kupanda sana kupita kiwango cha kuchemka. Maji yakiisha, joto hupanda ghafla na swichi huruka. Lakini swichi hupima joto la sakafu ya sufuria tu. Uji wa wanga ukitanda chini, sakafu hupata moto kabla ya wakati, swichi huruka, na mpishi hukuta wali mbichi juu na ulioungua chini. Utando wa kuzuia kunata nao hausaidii hapo: huficha kosa lisionekane wakati wa kuosha vyombo, ilhali wali wenyewe umeshikana katikati, na mwiko wa chuma huukwangua mapema.

Swichi ikiruka, kazi bado. Mpishi wa mkaa maji yakikauka hupunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Mwenye umeme naye auache wali umefunikwa dakika 10 au 15. Mvuke husambaa, punje za juu hukamilika, na za chini hulainika na kujiachia. Ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu ya njaa tu.

Wapo wanaoupenda ukoko, na sina ugomvi nao. Ila ukoko wa kahawia alioukusudia mpishi ni kitu kimoja, na ulioungua kwa bahati mbaya ni kingine, kwa kuwa moshi wake huingia sufuria nzima na kuifuta harufu ambayo mnunuzi wa mchele wa Kyela aliilipia. Wengine wanasema kuosha kunaondoa vitamini. Kunaondoa kiasi, na ndiyo maana mkono uwe mwepesi. Lakini maji yana faida yake pia: kuloweka kidogo baada ya kuosha hufupisha muda wa kupika, na muda mfupi huilinda harufu.

Wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa Matema katika soko la Lyulilo, bado wanafinyanga chombo ambacho kuta zake nene hupokea moto polepole. Siwaombi watu warudi kwenye chungu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na sufuria za umeme zitaingia nyumba nyingi. Ziingie pamoja na ungo. Ukienda kununua yako, pitia pia kwa muuza mchele, umwulize mchele wake ni wa mavuno yapi na umekobolewa lini.